Mikono ya Atieno

Juzi nilipita kwa seremala kuchukua kiti changu kilichokuwa kimevunjika mguu, nikamkuta amewasha jiko la mafuta karibu na rundo la unga wa mbao. Unga ule ulikuwa umeanza kushika joto. Harufu ilinikuta mlangoni, mafuta ya taa na mbao iliyopashwa moto pamoja, na miguu yangu ikakataa kuingia. Seremala aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Nikachukua kiti, nikaenda zangu, na tangu siku hiyo nimekuwa na Atieno kichwani. Nimeona afadhali niliandike jambo hili lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Tuliishi Uriri, kwenye boma la Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, akija nyumbani mara moja moja na matope mekundu ambayo hata kuoga hakukuyatoa masikioni. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Omondi alikuwa bado hajaota jino. Kati yangu na Omondi mama alikuwa amezaa wengine wawili, na wote wawili walikuwa wamelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Mazishi yalifuatana kama siku za soko. Watu walikonda, wakafungiwa ndani, wakazikwa, na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Ndivyo Atieno alivyofika kwetu. Mama yake alikuwa binti ya Dani, aliyeolewa Sori, kule ziwani. Kwanza alikufa baba yake, na baada ya mwaka mmoja akamfuata mama. Atieno alikuja na nguo chache ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amenizidi miaka minne hivi, msichana mrefu asiyesema mpaka aulizwe.

Kabla hata hajatandikiwa mkeka, wanawake mtoni walikuwa wameshamzungumza. Nilikuwa nimeinama nikichota maji, nikamsikia mmoja akisema ile nyumba ya Sori imeisha, na kwamba ni chira, ile laana ya mwiko uliovunjwa ambayo humkondesha mtu mpaka kaburini. Mwingine akajibu, "Na huyo mtoto ndiye aliyemwosha mamake na kumlisha mpaka mwisho." Wote wakatikisa vichwa.

Mimi nilielewa kwa akili yangu ya miaka tisa. Nilielewa kwamba kifo ni kitu kama masizi ya sufuria. Ukimshika aliye nacho, kinakubakia mkononi, na kila utakachogusa utakiachia alama. Tukikaa kula nilikuwa navichungulia viganja vya Atieno. Vilikuwa safi kuliko vyangu.

Dani alikuwa na bata mmoja jike, mweupe, mwenye vinundu vyekundu usoni, aliyekuwa ameatamia mayai saba kwenye kona ya jikoni. Asubuhi moja bata alitoka kwenda kunywa maji na mbwa wa jirani akamuua. Dani aliyagusa mayai, akaona yameanza kupoa, akavuta sufuria ayatie ndani akayatupe shimoni.

"Dani, usiyatupe," Atieno akasema. Sote tuligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akianza mazungumzo. "Huko kwetu tulikuwa tunayatotoa kwa taa. Mama alinionyesha."

Kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameomba sanduku la mbao lililokuja na sabuni dukani, na gunia la unga wa mbao. Alilitandika sanduku, akatoboa matundu pembeni, akaliweka juu ya mawe, na chini yake akaweka kandili, utambi ukiwa mdogo kabisa. Ndani aliweka kibakuli cha maji. Mayai aliyaandika kwa mkaa, upande mmoja msalaba na upande wa pili duara, ili ajue ameshayageuza yapi. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa analichukua yai, anafumba jicho, analigusisha kwenye kope. Likimchoma, anapunguza utambi. Likiwa baridi, anauongeza. Dani alimwangalia akifanya hivyo na machozi yakamlenga.

"Hiyo mikono ni ya mama yako," alimwambia. "Mikono yenyewe hasa."

Mimi Dani hakuwahi kuisifia mikono yangu. Nilikuwa nikiangusha vikombe.

Siku chache baadaye Atieno aliniita ndani, akaviringisha gazeti kwenye mdomo wa tochi, akalimulika yai moja baada ya jingine. Manne yalikuwa na kivuli kimoja kizito kisichosogea. Hayo yalikuwa yamekufa siku ile ya mbwa. Lakini kwenye yale matatu niliona mishipa myembamba, myekundu, kama mizizi, na katikati kitu kilichojigeuza mwanga ulipokigusa. Nilipiga kelele. Atieno akacheka, naye alikuwa hachekagi.

"Hiyo mishipa ndiyo anayokulia," alisema. "Na ndiyo anayopumulia. Akikaribia kutoka ataivuta yote ndani, pamoja na kile kiini cha njano. Hapo ndipo anapokuwa tayari."

Nadhani ni siku hiyo nilipoyapenda yale mayai, na ni siku hiyo nilipoanza kumchukia Atieno mwenyewe. Nilitaka yawe yangu. Nilitaka Dani asimame mlangoni aniangalie mimi vile. Nikimwomba Atieno anipe nafasi ya kugeuza, alinipa bila ubishi, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu anayekupa ndiye mwenye mali.

Yai la kwanza lilitobolewa Ijumaa jioni. Palikuwa na nyota ndogo kwenye ganda, na ndani ya nyota ncha ya mdomo. Sisi ni Wasabato, na kesho yake wote walikwenda kanisani isipokuwa mimi, niliyekuwa natoka kwenye homa. Atieno alimfunga Omondi mgongoni kwa leso, kama alivyofanya kila siku, kisha akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Akoth, sikia. Atalia. Mwache alie. Atapumzika muda mrefu mpaka udhani amekufa. Mwache apumzike. Usifungue sanduku, joto na unyevu vitatoka. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikaa peke yangu na sanduku lile, na kweli akalia. Sauti ilikuwa nyembamba, ikitoka na kukatika. Mimi nilisikia mtoto aliyefungiwa anayebisha mlango. Nilijiambia nitafungua kidogo tu nimwone. Kisha nikajiambia nitapanua tundu kidogo apate hewa. Kisha nikaona picha nzima: wanarudi kutoka kanisani, wananikuta na kifaranga mkavu, mwenye manyoya, juu ya kiganja changu, na Dani anasema neno lile, mikono.

Niliondoa kifuniko na kukiweka chini. Nilibandua ganda kipande kwa kipande kwa kucha, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha. Chini yake palikuwa na utando mweupe. Nikauvuta. Ukatoa damu. Sikuacha. Hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko yote: niliiona damu na sikuacha, kwa sababu nilidhani nikiharakisha kumaliza kumtoa, damu itakoma. Alitoka akiwa ameloa, na tumboni ananing'inia ule mfuko wa njano ambao hakuwahi kuuvuta ndani. Alifungua mdomo mara tatu kwenye kiganja changu. Mara ya nne hakuufunga.

Nilimrudisha ndani pamoja na maganda yake. Nilikaa hapo nikilia, na sanduku liko wazi, sijui kwa muda gani. Nilipokumbuka kifuniko, kibakuli cha maji kilikuwa kimepoa. Nikafunika. Nikaenda kunawa.

Walirudi Mama na Atieno, Omondi mgongoni amelala. Dani alikuwa amebaki nyuma kumwona mgonjwa. Atieno hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akainua kifuniko, akasimama. Mama akachungulia begani kwake. Nilijua Atieno atageuka aniangalie, na kabla hajageuka nikasema, "Ni Atieno alimshika asubuhi. Alimshika tu, akafa."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini sitadanganya kwamba sikujua nasema nini. Nilikuwa nimesikia maneno ya mtoni, nami nilichagua neno lile lile lililokuwa tayari limefunguliwa mlango.

Mama akasema polepole, "Atieno, nipe mtoto."

"Mama, mimi sikumgusa," Atieno akasema.

"Sijasema umefanya kitu. Nipe tu mtoto."

Akaifungua leso mwenyewe, kwa haraka, akamtoa Omondi mgongoni kwa Atieno. Omondi aliamka akilia, akinyoosha mikono amrudie Atieno, na Mama akampeleka ndani na kufunga mlango. Atieno alibaki pale na leso imeanguka miguuni. Hapo sasa ndipo aliponiangalia. Aliangalia uso wangu, akaangalia kucha zangu, akainama kuiokota leso na kuikunja vizuri.

Jioni nilisikia Mama na Dani jikoni.

"Asimbebe tena. Asiguse chakula," Mama alisema. "Mayai pia asiyaguse. Na baba yake mdogo wa Sori aitwe aje amchukue."

"Mama Akoth, kama mikono ya huyu mtoto inaua, mbona hatumpeleki shambani akatuulie magugu?" Dani akajibu. "Kifaranga amekufa. Vifaranga hufa."

"Nimezika wawili, Mama. Sitazika wa tatu nikiwa nimeonywa."

Nilijua mimi ndiye onyo lenyewe. Ningeweza kuingia jikoni na maneno mawili tu, ni mimi. Mlango ulikuwa hatua nne. Nilivuta shuka.

Kesho yake, Jumapili, yai la pili lilikuwa na tundu tangu mchana uliotangulia lakini halikuwa limeendelea. Atieno, aliyekatazwa kulikaribia sanduku, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliniita.

"Huyo anachoka. Uangalie ule utando, ni mweupe au umekuwa wa kahawia?"

Nikafunua kidogo. "Ni wa kahawia. Umekauka kama karatasi."

"Umembana. Hawezi kujizungusha." Akafikiri. "Huyu sasa anahitaji kusaidiwa kweli. Mimi siruhusiwi. Utamtoa wewe."

"Siwezi."

"Utafanya nitakavyokuambia."

Akakaa kizingitini, mikono ameifumbata mapajani, akaniongoza kwa mdomo tu. Lete maji ya uvuguvugu, jaribu kwa kiwiko. Chovya kitambaa kipya, kamua. Lilaze yai juu yake, funika, acha tundu la mdomo wazi, usimdondoshee maji puani. Lowesha utando pembeni pembeni. Sasa bandua kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Kimoja tu. Acha.

"Unaona mishipa?" aliuliza.

"Naiona. Myekundu."

"Jana ulipomfungua, damu ilianzia wapi?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Hakuwa ananitega. Alitaka kujua, ili huyu wa pili asitokwe na damu kama yule.

"Juu," nilisema. "Karibu na kichwa. Na tumboni."

"Basi bado. Mfunike. Tutangoja."

Tukangoja. Nilibadilisha maji, nikalowesha tena, tukangoja tena. Mchana mzima ulipita hivyo, mimi ndani na yeye kizingitini, na hakusema lolote jingine kuhusu jana. Kila mara nilipomulika alinitaka nimwambie mishipa imekuwaje, na kila mara ilikuwa imepauka zaidi. Alasiri nikamwambia siioni tena. Akaniambia nibandue kofia ya ganda, kuzunguka, taratibu, na nikifika nusu niache kabisa.

"Nusu iliyobaki aisukume mwenyewe. Asipoisukuma miguu yake haitapata nguvu."

Dani alikuwa amekuja akakaa kwenye kigoda. Kifaranga alipumzika, akasukuma, akapumzika. Kisha akanyoosha shingo, ganda likatengana, na akalala pale juu ya kitambaa, ameloa, tumbo limefungika vizuri, kitovu kikavu. Alikuwa mzima. Atieno aliachia pumzi. Alinyoosha mkono kidogo, nusu ya safari, kisha akaurudisha mapajani.

Mama aliingia kutoka shambani, akaona. "Akoth! Ni wewe umemtoa?"

Atieno aliniangalia. Nimelirudia jicho lile mara nyingi sana. Halikuwa la hasira wala la kuomba. Lilikuwa linangoja tu, kama tulivyokuwa tumengoja siku nzima.

"Ndiyo, Mama," nilisema.

"Mikono yako ina baraka," Mama akasema, akanishika kichwa.

Alipotoka, Dani aliniita kwenye kigoda chake. "Akoth, mtoto wangu. Una neno la kuniambia?"

"Hapana, Dani."

Yai la tatu halikutoboka kamwe. Lilikauka pamoja na la pili siku ile niliyoliacha sanduku wazi, ila huyo hakupata wa kumsaidia.

Alhamisi baba yake mdogo wa Sori alikuja kwa baiskeli, mtu mpole mwenye watoto wengi na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuanikwa, aliyehitaji msichana wa kumsaidia mkewe. Dani alimtoa kifaranga kwenye kikapu, akamwambia Atieno, "Nenda na bata wako." Atieno alitikisa kichwa. "Ni wa Akoth, Dani. Si yeye aliyemtoa?" Akapanda nyuma ya baiskeli na mfuko wake wa nailoni. Aliaga kila mtu kwa jina, na mimi pia.

Bata yule alikua, akawa jike, akataga. Nami nikapata jina. Mwanamke akiwa na yai lililokwama alimtuma mtoto aniite, na nilikwenda, na mengi yalitoka salama, kwa sababu kila kitu alichonifundisha Atieno kilikuwa cha kweli. Walinipa ndizi, walinisifu. Mtoto wa mikono ya baraka. Nilikula ndizi zile.

Nilimwambia Mama nilipokuwa nimeshaolewa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, kisha akasema, "Nilikuwa na mtoto mchanga," na hajawahi kulizungumza tena. Dani alikuwa ameshafariki.

Kumwambia Atieno kulinichukua miaka mingine. Ameolewa Homa Bay, anauza samaki, ana watoto wanne wakubwa. Alinipokea vizuri. Alinipikia. Tulipomaliza kula nikamwambia yote, yai la kwanza, kucha, maneno niliyoyasema, swali la Dani nililolikana. Nilisema bila kupumzika, macho chini, kama ninayesoma. Nilimwomba msamaha kwa kifaranga yule na kwa uongo ule.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hilo la bata nililijua siku ile ile," alisema. "Nilikuona kucha. Ulikuwa mtoto, ulitaka kumwona, nani hajawahi kutaka. Hilo nilikusamehe kabla ya baiskeli kufika."

Akavifuta viganja vyake kwenye leso, ingawa vilikuwa vikavu.

"Lakini nilipojifungua wa kwanza, hapa hospitalini, walinipa mtoto nikakataa kumshika. Siku mbili. Wauguzi walidhani nimerukwa na akili. Walimlaza kitandani ubavuni mwangu anyonye, na mimi mikono nimeificha chini ya shuka, nimeikalia."

"Lakini ulijua ni mimi niliyemuua," nilisema. "Ulijua si wewe."

"Kichwa kilijua," Atieno akasema. "Mikono haikujua."

Nilikuwa nimesafiri kutoka Uriri na maneno niliyoyapanga kwa miaka mingi, na yote yalikuwa ya bata. La mtoto yule sikuwa nalo hata moja.